Ushuhuda Wangu Juu ya Bundi

Masomo: Kutoka 20:16, Mithali 18:13, Waefeso 6:12, Mambo ya Walawi 19:32



Niliombwa niandike kidogo juu ya likizo, maana Desemba ndiyo hiyo imekwisha na kila mmoja amerudi na yake ya kusimulia. Nitaandika juu ya likizo, lakini mnivumilie, kwa sababu likizo yangu ilinirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi. Swali langu wiki hii ni hili: je, mtu anaweza kumshuhudia uongo kiumbe ambaye hana mdomo wa kujitetea? Na akishafanya hivyo, anatengenezaje?

Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, ni mwalimu mstaafu wa baiolojia kule Eldoret. Alinipigia simu mwezi wa kumi na moja akasema, "Shemeji, tunakuja Pwani na watoto. Mimi nataka kuona ndege tu." Nikamjibu hakuna shida, tutaenda uwanja wa Malindi, tukae kando ya ua tuzihesabu zikitua. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe yeye alikuwa anasema ndege wa Mungu, wenye manyoya.

Jamani, nilishangaa. Nimezaliwa Kilifi. Tangu nikiwa shule ya msingi nimepita Mida kwa matatu, kwenda Malindi na kurudi, na sijawahi kushuka hata mara moja. Kwetu sisi, mtu anayesimama na darubini kutazama ndege ni mzungu, au ni mtu asiye na kazi. Ndege ni wa kufukuzwa shambani, au wa kuliwa, basi. Lakini mgeni ni mgeni. Tukapanga siku nne Watamu, mimi nikiwa dereva.

Siku ya kwanza tulifika Mida saa moja asubuhi, maji yakianza kupwa. Kijana aliyetuongoza ni wa vijiji vya pale pale. Tulipita juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia. Alitueleza kwamba pesa wanazolipa wageni pale husaidia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya Mida na kando ya msitu, mpango unaoendeshwa na A Rocha Kenya, shirika la Kikristo lenye makao yake Watamu. Nilinyamaza. Nilidhani mambo haya hayahusiani kabisa na mwenye njaa, kumbe yamekuwa yakisomesha watoto wa majirani zangu.

Maji yalipopungua, ndege walishuka kwenye matope kwa mamia. Kulikuwa na vitwitwi wadogo wa kijivu, wakidonoa matope mbio mbio kama washonaji wanaomalizia nguo za Krismasi. Kijana akasema baadhi yao huzaliwa Siberia, kaskazini ya mbali ya Urusi, na baridi ikikaribia wanaruka maelfu ya kilomita kuja kula hapa kwetu. Kulikuwa na wengine weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao chakula chao ni kaa. Hao huzaa kwenye fukwe za Uarabuni. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, kisha baadaye wanashuka pwani yetu, kama majahazi ya kutoka kule yalivyokuwa yakishuka zamani. Nikajiuliza: viumbe hawa wamevuka bahari na majangwa kufika Mida, na mimi ninayekaa mwendo wa nusu saa sijawahi kufika!

Lakini kilichonishika zaidi ni namna yule kijana alivyofundisha watoto. Kila mtoto alipopaza sauti, "Yule ni korongo!", "Yule ni mwewe!", aliwazuia kwa upole. Alisema, "Usianze na jina. Niambie kwanza unaona nini. Mdomo ukoje? Miguu ina rangi gani? Anafanya nini? Jina litakuja baadaye." Nilitabasamu, nikaona ni mchezo mzuri wa watoto. Sikujua kesho yake utanifikia mimi.

Kesho yake tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke kabla jua halijapanda. Msitu huu una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Tulimwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga na kiuno cha rangi ya dhahabu, akirukaruka kwenye majani makavu. Watoto walifurahi. Halafu tukafika kwenye vichaka vya udongo mwekundu, miti imesongamana, na kijana akatutaka tusiseme neno. Aliinama, akapenya, akarudi akaniita kwa kidole. "Mzee, njoo wewe kwanza."

Nikainama nikapita chini ya matawi. Akanyoosha kidole. Hatua kama nne mbele yangu, usawa wa kifua, walikuwa wamekaa bundi wawili.

Wapendwa, nywele zilinisimama. Mdomo wangu ulianza wenyewe, "Nakukemea..." Nikajizuia, lakini kijana alisikia. Hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, unaona nini?"

Nikasema, "Bundi."

"Hilo ni jina. Unaona nini?"

Ikabidi nitazame. Niliona ndege wawili wadogo, kila mmoja si mkubwa kuliko ngumi yangu, wana rangi ya jani kavu, wameegemeana bega kwa bega kama wazee wawili kwenye benchi la zahanati. Mmoja alifungua jicho moja la njano, akanitazama, akalifunga. Aliniona mimi si kitu cha kumnyima usingizi. Kijana akanieleza kwamba huyu ni bundi mdogo wa Sokoke. Wataalamu walimtambua mara ya kwanza mwaka 1965 katika msitu huu huu. Uzito wake ni kama gramu 50, hauzidi yai la kuku. Chakula chake ni wadudu, panzi na nyenje. Na duniani kote anajulikana katika misitu michache tu ya pwani: hapa kwetu, na chini ya milima ya Usambara Mashariki kule Tanzania.

Nilitoka kwenye kile kichaka nikakaa juu ya gogo. Shemeji alidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemkumbuka bundi mwingine.

Baadhi yenu mlikuwepo, enzi zile tulipokuwa bado tunaabudu chini ya mabati, kuta hazijajengwa. Ni miaka kumi na minne sasa. Mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani kijijini. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba figo zimechoka. Tulikuwa tunakesha naye kwa zamu, taa inawaka usiku kucha. Usiku wa Alhamisi bundi akalia juu ya mwembe karibu na nyumba. Mimi nilikuwa kiongozi wa vijana, moto kweli kweli. Nikatoka na tochi, nikakemea, nikaokota jiwe. La tatu lilimpata. Alikuwa mweupe kifuani, uso wake una umbo la moyo. Nilimchoma moto pale pale.

Ijumaa Mama alikunywa uji. Jumamosi akakaa kitandani mwenyewe. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amemwangusha mjumbe wa adui, na mama yangu amefunguliwa. Mlipiga makofi na vigelegele. Mimi mwenyewe niliruka.

Jumatano Mama akafariki.

Sasa hebu tazameni jambo hili. Mama alipopata nafuu, tulisema bundi ndiye aliyekuwa amemfunga. Mama alipofariki, watu walisema mwenye kumtuma bundi amekasirika, amelipiza. Nafuu ilimhukumu bundi, na kifo pia kilimhukumu bundi. Hiyo ni mahakama gani, ambayo kila ushahidi unaoletwa, hukumu ni ile ile? Daktari na habari yake ya figo hatukumwita hata kidogo. Mithali 18:13 inasema kwamba anayejibu kabla ya kusikia anajiletea upumbavu na aibu. Mimi nilijibu kwa jiwe.

Tena nimefikiri juu ya kile kilio chake. Baada ya safari niliketi na shemeji, akanieleza habari za yule bundi mweupe. Anapenda kuishi karibu na watu kwa sababu palipo na watu pana nafaka, na palipo na nafaka pana panya, na panya ndio chakula chake. Huenda alikuwa kwenye ule mwembe mwaka mzima. Siku nyingine zote tulikuwa tumelala. Usiku wa mgonjwa ndio watu hukesha, na anayekesha ndiye anayesikia. Hakuja kwa sababu ya kifo. Sisi ndio tuliokuwa macho kwa sababu ya kifo.

Najua mtaniuliza, "Lakini ndugu, si bundi ametajwa kuwa najisi?" Ni kweli, yumo katika orodha ya Mambo ya Walawi 11. Lakini someni orodha yote. Anayefungua orodha hiyo ni tai, na huyo tai ndiye Isaya 40:31 anamtumia kutupa ahadi ya nguvu mpya na mabawa, na sisi tunamchora mpaka kwenye fulana za kwaya. Orodha ile inahusu chakula, haisemi kwamba ndege hao ni maajenti wa shetani. Na katika Zaburi 102 mtu aliyeumia anaomba, na anapotafuta mfano wa upweke wake mbele za Mungu, anajifananisha na bundi aliye peke yake kwenye magofu. Mwombaji anajiita bundi! Mimi nilimpiga mawe ndege wa mfano wa mwombaji huyo.

Wengine mtasema, "Basi unatufundisha kwamba hakuna vita vya rohoni." Hapana. Ninaamini vita hivyo, na bado ninakesha nikiomba. Ila Waefeso 6:12 imenishika koo. Paulo anasema mapambano yetu hayapo juu ya damu na nyama. Jiwe langu lilipompata yule ndege, kilichotoka ni damu, na kilichoanguka ni nyama. Kwa hiyo kwa kipimo cha Paulo mwenyewe, nilikuwa nimekosea vita.

Laiti ingeishia kwa ndege. Wapendwa, hapa ndipo ninapoona uzito wa kuandika.

Baada ya mazishi watu walianza kuuliza: kama bundi ni mjumbe, aliyemtuma ni nani? Nyumbani kwetu alikuwepo shangazi yangu mkubwa, dada yake baba, mjane. Baba alikuwa amempa nyumba na minazi kumi na miwili. Nywele zake zilikuwa nyeupe, macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na alipenda kutembea alfajiri. Hayo ndiyo yalikuwa makosa yake yote. Nilisikia maneno kisimani, nikayasikia dukani, nikayasikia, Mungu anisamehe, kwenye ibada ya nyumbani. Sikumshtaki hata siku moja. Nilinyamaza tu. Lakini ushuhuda ulikuwa wangu, na wao walikuwa wanaumalizia.

Usiku mmoja mtu alitupa jiwe juu ya paa lake. Asubuhi alifunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwa binti yake, mbali. Hakurudi tena. Alifia huko miaka minne baadaye, na mimi sikwenda maziko. Ile minazi kumi na miwili tuliendelea kuangua sisi.

Ninyi ni watu wa kaunti hii, mnajua ninachozungumza. Mnajua kwamba kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya mvi zao. Mnajua Kaya Godoma kule Ganze, mahali wanapokimbilia wazee walioambiwa ni wachawi na watoto wao wenyewe. Na mnajua kwamba mara nyingi, ukifuatilia mwisho wa maneno hayo, unakuta shamba. Neno la Mungu katika Mambo ya Walawi 19:32 linatuagiza tusimame mbele ya mwenye mvi na kumheshimu mzee, na papo hapo linatuagiza kumcha Mungu. Mambo hayo mawili yamewekwa katika mstari mmoja. Sisi tumeyatenganisha: tunamcha Mungu Jumapili, na mwenye mvi tunamtazama kwa pembe ya jicho.

Basi nimekuja kuamini kwamba dhambi ile ilikuwa moja tangu mwanzo. Nilianza na jina. Niliposema "bundi" niliacha kutazama. Waliposema "mchawi" waliacha kutazama. Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo, na mimi nilidhani mwongo ni yule anayejua ukweli akausema vingine. Sasa naona kuna mwongo mwingine, ambaye hakutazama kabisa, lakini akasimama na kushuhudia kana kwamba ameona. Huyo hajui kwamba anadanganya, na ndiyo maana anaruka na kupiga makofi kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba kutazama ndege ni kazi ya wavivu. Katika Mathayo 10 shomoro wawili wanauzwa kwa senti moja, na katika Luka 12 watano kwa senti mbili. Pigeni hesabu: yule wa tano ni nyongeza, kama tunavyoongezewa nyanya moja sokoni Charo wa Mae. Hana bei. Na Yesu anasema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Kama Mungu anamtazama ndege asiye na bei, mimi kumtazama kwa dakika kumi kabla ya kumhukumu si kupoteza wakati. Ni kuanza kujifunza macho ya Baba. Na aliyejifunza kumtazama bundi, nadhani atamtazama vizuri zaidi bibi anayepita alfajiri na mkongojo.

Januari nilisafiri kwenda kwa binamu yangu, binti ya shangazi. Alinipikia chai. Nilimwambia yote, na nikamwambia kwamba minazi ni yake, na nazi za miaka ile tutazihesabu nimlipe kidogo kidogo, maana Zakayo hakuishia kusema samahani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakunikumbatia. Akaniuliza jambo moja tu.

"Kaka, ule ushuhuda uliutoa wapi?"

Nikasema, "Kanisani."

Akasema, "Basi."

Nilielewa. Nilimwendea mchungaji, naye akakubali niandike hapa, na Jumapili nitasimama pale pale mbele nirudie kwa mdomo wangu. Ushuhuda nilioutoa miaka kumi na minne iliyopita haukuwa wa kweli. Yule bundi hakutumwa na mtu. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa figo. Shangazi yangu hakuwa na hatia. Mliopiga makofi siku ile, naomba mnisaidie kuueneza huu wa leo kama mlivyoueneza ule.

Bwana awabariki.

Ya kutafakari katika vikundi vya nyumbani:
1. Ni nani katika mtaa wetu ambaye tumempa jina kabla ya kumtazama?
2. Je, kuna ushuhuda wowote tuliowahi kuutoa ambao tunapaswa kuurudisha?
3. Wiki hii, mtembelee mzee mmoja anayeishi peke yake. Kaa, unywe chai yake.